Raba ya Choo na Maji Yasiyopiga Kelele

Aliye jikoni aendelee na sufuria yake, aliye kwenye daladala ashike bomba vizuri, maana mada ya leo inawahusu wote wawili. Leo tunaingia chooni. Najua wapo watakaosema, jamani, redio nzima, na saa hizi za watu kula, mnatuletea habari za choo? Ndiyo, tunazileta, na kwa heshima zote. Tutazungumzia kitu kimoja tu, kidogo, kinachokaa chini kabisa ndani ya tangi la choo cha kuflashi: ile raba inayoziba tundu la kutolea maji. Ukishusha mkono wa flashi, mnyororo unaivuta raba juu, maji yanashuka kwenye sinki la choo kwa kishindo, kisha raba inarudi kukaa mahali pake na tangi linaanza kujaa upya. Kazi yake yote ni hiyo, kufungua na kufunga. Na hoja yangu ya leo, naisema mapema ili tusipoteane njiani, ni kwamba raba hii ikiharibika, wa kwanza kujua na wa kwanza kuishughulikia anapaswa kuwa yule anayeishi na choo hicho. Si fundi, si mwenye nyumba anayekuja kuchukua kodi, si mamlaka ya maji. Wala sisemi hivi kwa ubahili wa kumlipa fundi. Nasema hivi kwa sababu raba hii huharibika bila kumwambia mtu, na fundi haji mahali ambapo hakuna aliyemwita.

Tuanze hapo hapo, kwenye huo ukimya. Vitu vingi vya nyumbani vikiharibika hupiga yowe. Taa ikiungua, giza. Bomba la jikoni likilegea, tone linagonga sinki usiku kucha mpaka mtu anaamka kulifunga kitambaa. Bati likitoboka, mvua ya kwanza tu ndoo inawekwa sebuleni. Raba ya choo je? Ikilika upande mmoja, maji yanateremka kama uzi mwembamba kwenye ukuta wa ndani wa sinki, maji maangavu juu ya kigae cheupe. Hayaloweshi sakafu, hayanuki, na choo kinaendelea kuflashi vilevile. Kila anayeingia anatoka ameridhika. Dalili ikiwepo, basi ni ile sauti ya tangi kujijaza lenyewe usiku wa manane, shhh kwa sekunde chache kisha kimya, wakati watu wote wamelala. Anayesikia hugeukia upande wa pili wa mto, na mwenye imani zake husoma dua. Hakuna jini hapo, ndugu msikilizaji. Maji yamepenya chini ya raba, usawa umeshuka, boya limeshuka nao, koki ya ndani imefunguka kujazia kilichopungua, tangi limejaa, na baada ya muda mchezo unaanza upya. Mchana sauti hiyo humezwa na makelele ya nyumba. Ndiyo maana choo kinaweza kuvuja miezi mitatu katika nyumba yenye watu wazima watano, na wote watano wakakuapia kwamba choo chao ni kizima.

Haikuwa hivi siku zote, na hapa naomba tusimame kidogo, kwa sababu historia ya tangi la choo inatueleza kwa nini mzigo huu umetuangukia sisi. Majengo mengi ya enzi ya Waingereza, katika shule kongwe na nyumba za serikali, yalikuwa na tangi la chuma lililofungwa juu karibu na dari, na mnyororo mrefu wa kuvuta. Baadhi ya matangi hayo yapo mpaka leo. Tangi la aina hiyo halina raba ya kuziba chini. Ndani yake kuna bomba lililopinda, na pindo lake liko juu ya usawa wa maji. Ukivuta mnyororo, bamba lililo ndani linasukuma maji yapande mpaka yavuke lile pindo, na yakishavuka yanavutana yenyewe hadi tangi linabaki tupu. Sasa angalia akili iliyopo hapo. Kwa kuwa njia ya kutokea iko juu ya maji, maji yaliyotulia hayawezi kujipenyezea chooni hata kifaa kikichakaa namna gani. Kikichakaa, kinachotokea ni kinyume chake: choo kinakataa kuflashi. Unavuta mara moja, mara mbili, mara ya nne unatoka umekunja uso unaita watu. Uingereza kwa miaka mingi haikuruhusu tangi la namna nyingine majumbani, kwa hofu hiyo hiyo ya kuvuja. Ni kanuni za mwaka 1999 ndizo zilizofungulia mlango matangi yenye vali ya kuziba chini, kuanzia mwaka 2001. Marekani wao walishazoea raba na mnyororo wake mfupi tangu zamani. Na sisi tunanunua kinacholetwa sokoni. Pita Kariakoo leo ukaangalie masinki ya choo yaliyopangwa nje ya maduka: mengi yanatoka China, na ndani ya tangi lake kuna ama raba yenye mnyororo, ama mtambo wa vitufe viwili unaoziba chini kwa mpira wa duara.

Sisemi turudi kwenye mnyororo wa darini. Matangi mapya yana mema yake, hasa hayo ya vitufe viwili, ambapo kitufe kidogo kinatoa maji kidogo kwa haja ndogo. Ninachosema ni hiki. Tangi la zamani likiharibika lilikuja kujishtaki lenyewe kwako, asubuhi hiyo hiyo. Tangi jipya likiharibika linanyamaza na kukuacha uende kazini. Kazi ya kutoa taarifa, ambayo zamani ilifanywa na choo, imehamia kwa mtumiaji, na hakuna aliyetuambia tulipokuwa tunanunua. Fundi alifunga, akaflashi mara mbili kutuonesha, akachukua pesa yake akaondoka. Tangu siku hiyo, ni nani aliyewahi kufungua kile kifuniko cha tangi?

Pengine utaniuliza, ni maji kiasi gani hayo mpaka tuyatolee kipindi kizima? Swali zuri, na jibu lake tunaweza kulipata pamoja bila kitabu. Chukua glasi ya kawaida ya robo lita. Tuseme choo chako kinavuja kiasi cha kuijaza glasi hiyo kwa dakika moja. Kwa saa moja ni lita 15. Kwa siku nzima, mchana na usiku, kwa kuwa raba hailali, ni lita 360. Gawanya kwa dumu la lita 20, unapata madumu 18. Madumu 18 kila siku ya Mungu! Nani kati yenu angemtuma kijana wake abebe madumu 18 kutoka kisimani, ayapitishe sebuleni, akayamwage chooni, kisha kesho arudie? Mwezi ukiisha ni karibu uniti 11 kwenye bili, uniti moja ikiwa lita 1,000. Wala glasi kwa dakika si kutia chumvi. Shirika la Mazingira la Marekani, EPA, linapowaonya wananchi wake, husema choo kinachotiririka kinaweza kupoteza galoni 200 kwa siku, ambazo ni kama lita 750, mara mbili na zaidi ya hesabu yetu. Kwa nyumba zetu zinazotegemea simtanki, hesabu hii ina uchungu wa ziada. Simtanki la lita 1,000 litakauka kabla siku ya tatu haijaisha, kwa raba hiyo moja, hata kama familia nzima imesafiri kwenda kwenye harusi Tanga. Mnarudi na mizigo yenu na watoto wenye vumbi, mnafungua bomba, linakohoa hewa. Lawama za kwanza zitamwendea jirani, au mamlaka ya maji.

Wakazi wa Dar es Salaam hawahitaji kukumbushwa uzito wa jambo hili. Oktoba mwaka 2022 maji ya Mto Ruvu yalipopungua kwa ukame, DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, ilitangaza mgao, na mitaa mingi ikajifunza upya kuoga kwa kopo. Mji huu unakunywa Ruvu kwa sehemu kubwa, kupitia mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Wakati wa mgao kila familia huwa na wizara yake ya maji: nani aoge kwanza, maji ya kufulia yatumike kuoshea uwani, gari lisioshwe. Na katikati ya ubahili huo wote mzuri, raba inatoa glasi yake kila dakika. Kuna jambo jingine ambalo watu hawaliunganishi. Mgao wenyewe huziumiza raba. Maji yakikatika siku kadhaa kisha yakarudi, huja na tope na kutu ya mabomba, na yale mapovu ya rangi ya chai mnayoyajua. Mchanga mwembamba unaingia ndani ya tangi, unatua chini, punje mbili tatu zinakaa kwenye ule mdomo wa duara ambao raba huulalia. Raba haizibi sawasawa tena. Kwa hiyo choo kilichokuwa kizima kabla ya mgao kinaweza kuanza kuvuja wiki ile ile maji yanaporudi, wakati ambapo kila lita ina thamani.

Haya, msikilizaji, tunajuaje sasa? Narudia, kwa kuwa hapa ndipo penye kiini: choo hakitakuambia, wewe ndiye utakayekiuliza. Na namna ya kukiuliza ni rahisi. Fungua kifuniko cha tangi, kiweke chini taratibu kwani ni cha kigae na kinavunjika. Usiogope maji yaliyo ndani. Ni maji yale yale ya bombani, hayajakutana na uchafu wowote. Tia rangi ya chakula, ile ya unga inayouzwa na viungo vya biriani. Chagua nyekundu au kijani, tafadhali. Ya njano itakuletea mabishano chooni ambayo hayatakwisha. Usiflashi. Zuia watu wasiingie kwa dakika kumi hadi robo saa, kisha urudi uangalie maji yaliyo ndani ya sinki la choo. Yakiwa na rangi, raba inavuja. Yakiwa safi, mshukuru Mungu, kisha flashi rangi yako iondoke isije ikaacha doa. Kuna kipimo cha pili, nacho hakihitaji hata rangi. Funga ile koki ndogo inayolisha tangi, piga mstari wa penseli ndani ya tangi kwenye usawa wa maji, urudi baada ya saa moja. Maji yakiwa yameshuka chini ya mstari huku nje ya tangi na chini yake hakuna unyevu wa ajabu, mshitakiwa ni raba. Yakiwa palepale, lakini koki ikifunguliwa unaona maji yanamiminikia ndani ya lile bomba la wima lililosimama katikati ya tangi, basi raba haina kosa. Boya ndilo halifungi, na hilo ni tatizo jingine kabisa. Nasisitiza tofauti hii kwa sababu watu hubadilisha raba nzima, maji yakaendelea kutiririka, kisha wakasema vitu vya siku hizi ni feki.

Tukishajua kwamba ni raba, tunaitengeneza vipi? Funga koki. Flashi mpaka tangi libaki na maji kidogo. Chomoa kile kibano cha mnyororo kutoka kwenye mkono wa flashi. Raba yenyewe kwa kawaida ina masikio mawili yaliyovalishwa kwenye vijiti vidogo pembeni mwa lile bomba la wima. Vuta sikio moja kwa utaratibu, kisha jingine, inatoka mkononi mwako bila spana wala nyundo. Sasa iangalie kwa karibu. Raba iliyochoka inajulikana hata kwa kidole: ukiisugua inaacha weusi mkononi, kama masizi yaliyolowana. Nyingine imekuwa ngumu na kupinda ukingo. Nyingine imeota vipele. Geuza upande wa chini utaona alama ya duara pale ilipokuwa inalalia mdomo wa tundu, na mara nyingi sehemu moja ya duara hilo imekatika. Hapo ndipo maji yako yalipokuwa yanatokea. Usiitupe. Ibebe uende nayo dukani, kwenye mfuko wa plastiki kama unaona haya, kwa sababu raba hizi hazilingani. Kuna za tundu la inchi 2 na za inchi 3, na muuzaji akiiona ya zamani hatakupa ya kubahatisha. Wakati raba iko nje, pitisha kidole kuzunguka ule mdomo wa tundu. Ukihisi chokochoko, ni mchanga au chokaa iliyogandishwa na maji ya chumvi ya visima. Sugua kwa kitambaa kibichi. Pakikataa, tumia msasa laini, tena kwa mkono mwepesi, maana ukikwaruza mdomo wenyewe umejitengenezea mlango mpya wa kuvuja.

Kuvalisha raba mpya ni kinyume cha kuvua, isipokuwa mambo mawili yanayowachanganya wengi. La kwanza, raba nyingi za dukani zimetengenezwa zikubali matangi ya aina mbili: zina masikio, na pia zina pete ya nyuma ya kuvalishwa juu ya bomba la wima. Kama bomba lako lina vile vijiti vya masikio, ile pete ni ya kukatwa kwa mkasi. Ukiiacha inaisukuma raba isikae sawa, na utavuja ukiwa na raba mpya. La pili, ni urefu wa mnyororo, na hili ndilo linalowashinda hata wenye mikono mizuri. Mnyororo ukiwa mfupi mno, unaishika raba nusu juu, haifungi. Ukiwa mrefu mno, ukishusha mkono wa flashi raba inanyanyuka kidogo tu na kurudi kabla maji hayajatosha, halafu ile ziada ya mnyororo inajikunja na kulala chini ya raba, inaikosesha kukaa. Kinachotakiwa ni ulegevu mdogo, kama sentimita moja hivi, raba ikiwa imelala. Fungua koki, acha tangi lijae, flashi mara mbili tatu ukiangalia inavyorudi, kisha rudia kile kipimo cha rangi. Watu huruka hatua hii ya mwisho kwa sababu kazi imeshaonekana nzuri. Lakini kumbuka tulikotoka: choo kinachovuja nacho huonekana kizuri.

Wenye choo cha vitufe juu ya kifuniko mnajiuliza, mbona sisi hatuna mnyororo? Kwenu mna mtambo wa wima kama mnara. Fungeni koki, ondoeni vitufe na kifuniko, shikeni ule mnara muuzungushe robo ya mzunguko kinyume na saa. Kwa mitambo mingi unachomoka. Chini yake kuna mpira wa duara, bapa. Mara nyingi unahitaji kuoshwa tu. Ukiwa umelika, badilisheni mpira huo peke yake.

Sasa tuje kwenye pingamizi, kwani nazisikia hata kabla simu hazijapigwa. Wa kwanza atasema: mwacheni fundi afanye kazi yake, naye ana watoto. Nakubali ana watoto, na kazi yake ni kubwa kuliko raba. Lakini tazama inavyokuwa. Kumwita fundi bomba kwa kazi ndogo kiasi hiki ni kumlipa nauli na muda wake wa kuja, kwa hiyo mwenye nyumba huona afadhali asubiri mpaka matatizo yawe matatu aitwe mara moja. Kusubiri huko ndiko kunakogharimu, si ufundi. Na fundi naye, akifika kwa kazi ya raba moja, hana sababu ya kusumbuka kutafuta raba. Atakushauri ununue mtambo mzima wa ndani ya tangi. Hakosei sana, maana anataka asirudi. Ila wewe utakuwa umelipia mtambo kwa kosa la mpira.

Wa pili ni mpangaji. Mimi si mwenye nyumba, kwa nini nitoe pesa yangu? Hapa naomba tuulizane: bili ya maji analipa nani? Ukiilipa wewe, kila siku unayomsubiri mwenye nyumba unalipa wewe. Ikiwa mita ni moja kwa wapangaji sita, ndipo pagumu zaidi, kwani maji yanatoka chumba kimoja na hasara inagawanywa kwa sita, na hakuna mwenye hamu ya kwenda kutazama tangi la mwenzake. Katika nyumba za namna hiyo kipimo cha rangi kifanywe kwa vyoo vyote siku moja, mbele ya watu, kisha gharama ya raba ikatwe kwenye kodi kwa makubaliano na baba au mama mwenye nyumba. Kumwonesha sinki lenye maji mekundu kunamaliza maneno mengi.

Wa tatu huyu ana hoja nzito, na sitaki kumpita haraka. Anasema: mnatubana sisi na raba, wakati bomba kubwa limepasuka barabarani na maji yanatengeneza mto mtaani. Ni kweli, mamlaka zetu za maji hupoteza maji mengi kabla hayajafika kwa mteja, na kudai mabomba hayo yazibwe ni haki yako. Lakini kuna tofauti ya mahali. Bomba la barabarani linavuja kabla ya mita yako. Choo chako kinavuja baada ya mita. La kwanza unaliona na unapiga simu, na majirani nao wanapiga. La pili halionwi na yeyote, na hakuna afisa atakayebisha hodi kuja kulikagua. Kosa la barabarani halilipunguzi la chooni hata kwa glasi moja, wala halipunguzi bili yako.

Wa nne ana kisima chake. Kwake maji hayana bili, yavuje. Sawa, lakini pampu inayapandisha kwa umeme wa LUKU, na pampu inayowaka mara kwa mara kujaza tangi inazeeka mapema. Na kuna upande ambao karibu wote tunausahau: maji hayo yanaenda wapi? Nyumba nyingi za Dar es Salaam hazijaunganishwa na mtandao wa maji taka; maji ya chooni yanaingia kwenye shimo lako mwenyewe uani. Shimo la septiki linafanya kazi kwa utulivu: uchafu mzito unatuama chini, maji yaliyochujika yanapita kwenda kwenye shimo la kunyonya. Lita 360 za ziada kila siku zinavuruga utulivu huo, zinabeba uchafu usiotuama mpaka kwenye shimo la kunyonya na kuziba ardhi yake. Kwa maeneo ya pwani, ambako wakati wa masika maji ya ardhini yako karibu sana na juu, shimo halina pa kupumulia. Gari la kunyonya maji taka linaitwa kabla ya wakati wake, na mtu analaumu mvua. Kwangu mimi, hii ndiyo gharama kubwa kuliko bili: unalipa maji yaingie, kisha unalipa yatolewe, na katikati hayajafanya kazi yoyote.

Kuna pia yule aliyejipatia dawa yake: anafunga koki kila baada ya kuflashi. Inasaidia, sikatai, na usiku mmoja au wakati wa safari ni jambo la busara. Ila ile koki ndogo haikutengenezwa ifunguliwe na kufungwa mara ishirini kwa siku. Itaanza kudondosha maji kwenye shingo yake, na mgeni akija hajui siri hiyo, atatoka chooni ameaibika kwa kukosa maji. Na kwa kuwa tuko kwenye dawa, vile vidonge vya kutia ndani ya tangi ili maji yatoke na rangi na harufu, vile vyenye klorini hula raba polepole, kwa sababu raba inakaa ndani ya dawa hiyo saa zote. Anayependa dawa aitie kwenye sinki lenyewe, asugue, aflashi.

Muda wetu unayoyoma. Fundi aitwe lini, basi? Mwite kama umebadilisha raba na maji bado yanashuka chini ya mstari wa penseli, maana huenda bomba la wima limepasuka shinani. Mwite ukiona maji sakafuni kati ya tangi na sinki, au ufa kwenye kigae. Mwite ikiwa koki ndogo haifungi kabisa, na hapo usilazimishe kwa spana, utakuja kuivunja ukutani nyumba ikaogelea. Akija, simama naye, mwoneshe ulichopima na saa uliyopima. Fundi mzuri anapenda mteja wa namna hiyo, kwa sababu amempunguzia nusu ya kazi. Juma lijalo, saa kama hii, tutalichukua lile boya tulilolitaja leo kwa kifupi, na wale ambao maji yao yanamiminikia kwenye bomba la wima wakae karibu na redio. Mpaka hapo, kwaherini.